Mume wangu amemfanya binti yetu msemaji wa siasa mtandaoni

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, makazi yangu Kisauni, Mombasa. Alfajiri nakaanga mahamri na kuyauza kwa mbaazi, mume wangu ana kibanda cha kutengeneza simu. Ni mume mwema, hana makuu, na watoto wake anawapenda. Nayasema haya mapema usije ukadhani nimekuja kumsengenya.

Tangu maandamano ya Mswada wa Fedha, Juni 2024, siasa zimemwingia. Wakati ule alikuwa akienda peke yake, mimi nabaki nyumbani nikimwombea arudi salama. Mwaka uliofuata, siku ya kuwakumbuka waliouawa, alimbeba binti yetu mabegani hadi mjini, mtoto bendera mkononi. Walirudi mapema, lakini picha yake ilikuwa imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakimsifu. Hapo ndipo alipopata wazo la video.

Binti yetu ana miaka saba, yuko gredi ya pili, na Mungu amempa ulimi. Babake huandika maneno nyuma ya daftari kuukuu, mtoto anayakariri, kisha anasimamishwa mbele ya pazia la sebuleni, simu imeegemezwa kwenye sufuria yangu ya mbaazi. Akikosea anaambiwa arudie. Usiku mmoja nilimsikia akirudia sentensi moja, kwamba serikali imetia ushuru kwenye mkate, mpaka sauti ikamkauka. Anasema juu ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, bei ya unga na madeni ya nchi, halafu anamalizia kwa kuinua kidole kimoja: "Wantam!" Rais muhula mmoja, basi. Video moja alirekodiwa ametoka shule, sweta lina beji na jina la shule linasomeka.

Wengi wanacheka na kumpongeza. Wengine wanamtukana, mtoto mdogo vile. Mmoja aliandika kwamba anaijua shule yake. Mwalimu mkuu ameniita akaniambia kwa upole kwamba shule haitaki kuingizwa kwenye mambo hayo. Juzi mwanamume nisiyemjua alikuja kununua mahamri, akamtazama mtoto, akasema, "Wewe ndiye yule wa Wantam. Kumbe nyumbani kwenu ni hapa?" Na usiku huo mtoto akaniuliza, "Mama, Baba watakuja kumchukua?" Nilikosa la kumjibu.

Sasa kuna mheshimiwa anayetaka kiti 2027. Ametuma watu, anataka binti yetu apande jukwaani kwenye mkutano wake wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ameahidi karo ya muhula na bahasha juu yake. Mume wangu amefurahi mno. Mama mkwe anasema mimi ni mwoga, mtoto ana kipaji nisimzibe mdomo. Mume wangu naye ananiambia nikumbuke watoto wa Soweto, Afrika Kusini, nikumbuke wale wa Lang'ata, Nairobi, na kwamba Katiba haikusema uhuru wa kujieleza ni wa watu wazima peke yao. Wazazi wetu walinyamaza, anasema, na ona tulipofika.

Shangazi, mimi siipingi siasa yake. Unga nami naununua. Lakini moyo wangu hautulii. Je, nakosea?

Mama mwenye wasiwasi, Kisauni

SHANGAZI ANAJIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Hukosei. Na Jumamosi hiyo mtoto asipande jukwaani. Naanza na hili kwa kuwa lina tarehe; mengine mnaweza kuyazungumza polepole wewe na mumeo.

Mheshimiwa huyo angekuwa na haja na maoni ya watoto, angekwenda shuleni akawauliza wanakalia nini darasani na maji wanayapata wapi. Anachotaka ni picha ya mtoto mzuri mwenye ulimi, na ameshaitajia bei. Mikutano ya siasa unaijua: kuna vijana waliolipwa kuzua fujo, viti vinarushwa, vitoza machozi vinafyatuliwa, na mtoto wa miaka saba hana mbio za kumtoa uwanjani. Halafu fikiria na haya. Machi 2018 viongozi waliokuwa wakitukanana mwaka mzima walisalimiana hadharani, na waliopigana kwa ajili yao mitaani wakaachwa wameduwaa. Machi 2025 tukaona mapatano mengine baina ya waliokuwa mahasimu katika uchaguzi wa 2022. Mheshimiwa wenu anaweza kuhamia upande wa pili kabla ya Agosti 2027 na hakuna atakayemshangaa. Uso wa binti yako utabaki kwenye video akimsifu, na maneno ya kuwatukana rafiki zake wapya yatabaki kinywani mwa mtoto.

Nikishasema hayo, mumeo nisimnyime haki yake. Liko jambo kubwa analoliona sawasawa. Sisi tuliosoma enzi za Nyayo, utawala wa Rais Moi, tulipangwa kando ya barabara juani, vibendera mkononi, kumsubiri Rais apite. Tulikunywa maziwa yake, tukaimba nyimbo za kumsifu, tukakariri kiapo cha utiifu, na hakuna aliyetuuliza tunaonaje. Ile nayo ilikuwa siasa iliyopitishwa kwa watoto, tena kwa amri, na waliolelewa hivyo wengi wao mpaka leo wakiguswa na jambo la nchi wanatazama nyuma kwanza. Mtoto anayekua nyumba ambayo siasa haitajwi atakuja kununuliwa kwa leso na pakiti ya unga. Kwa hiyo sitamwambia mumeo anyamaze mbele ya watoto wake. Aongee nao mezani, awaambie kwa nini unga umepanda, kwa nini yeye alikwenda mjini siku ile. Na kama binti yako angekuwa akiinua vidole viwili na kusema "Tutam", yaani mihula miwili, jibu langu lingekuwa hilihili, neno kwa neno.

Anasema Katiba imempa mtoto uhuru wa kujieleza. Ni kweli, kifungu cha 33 kinamtaja kila mtu. Lakini asiache kusoma kifungu cha 53, kinachosema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, nao unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake mwenyewe katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Maoni yake mwenyewe. Yale yaliyo nyuma ya daftari kuukuu ni maoni ya nani?

Nakupa njia ya kulijua hilo, na umwombe mumeo aifanye yeye, siyo wewe. Akae na binti yake siku moja bila simu amwulize, "Ushuru ni nini? Nani anaulipa? Wewe ungetaka nini kibadilike?" Kisha amsikilize bila kumsahihisha. Nadhani atasikia habari ya choo cha shule, au ya mwenzake anayekuja darasani na njaa, au hatasikia kitu, mtoto ataomba akacheze. Majibu hayo yote ni mazuri. Jambo la pili la kutazama ni kama anaweza kukataa. Mtoto wa miaka saba anayempenda babake hakatai, anarudia mpaka sauti inakauka. Umeniandikia hilo kwa mstari mmoja na mimi nimelisoma mara nyingi.

Halafu ile sentensi ya mkate. Pendekezo la kutoza mkate VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 lilikuwamo kweli kwenye mswada ule, ila liliondolewa tarehe 18 Juni 2024, na tarehe 26, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bunge, Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada wenyewe. Mtu mzima akiteleza hivyo mtandaoni ataambiwa, atajitetea au atarekebisha. Mtoto atatukanwa kwa kosa lisilo lake, na hana hata namna ya kujua kwamba kuna kosa.

Nitakwambia ninachokishuku, na sisemi kwa ubaya. Baada ya Juni 2024 tulisikia vijana waliochukuliwa usiku kwa sababu ya waliyoyaandika. Watu wazima wakaogopa, na walikuwa na sababu. Kinywa cha mtoto kinaonekana salama: nani atamkamata mtoto wa gredi ya pili? Mzazi anaweza kusimama nyuma ya mtoto wake hivyo bila hata kujitambua. Lakini akaunti ni ya nani? Sauti ya kumwelekeza nyuma ya simu ni ya nani? Mtoto wenu ameshalielewa hilo kabla ya babake, ndiyo maana amekuuliza alichokuuliza. Kama maneno yale ni ya kweli, na mengi huenda ni ya kweli, mumeo ayaseme yeye, kwa uso wake na jina lake. Yatakuwa na uzito zaidi, na atakayetaka kubishana nayo atabishana na mwanamume mwenzake.

Sasa Soweto. Wanafunzi wa Soweto walioandamana tarehe 16 Juni 1976 walikuwa na jambo lao: walilazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, lugha ambayo hata walimu wao wengi hawakuimudu. Wengi walikuwa vijana wa sekondari, walijipanga wenyewe, na wazazi wengi hawakuwa na habari asubuhi ile. Hector Pieterson, anayekumbukwa kila mwaka, alikuwa mtoto wa miaka 12, na alikufa. Watoto wa Lang'ata nao, Januari 2015, walirudi shule wakakuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Wakausukuma, na polisi wakawarushia vitoza machozi, watoto wakiwa kwenye sare za shule. Waziri wa usalama aliwaomba radhi, lakini hata walioutetea uwanja ule waliulizana kwa nini watoto ndio walikuwa mbele. Swali hilo ni la zamani. Mei 1963, huko Birmingham, Alabama, Marekani, watoto zaidi ya elfu moja waliandamana dhidi ya ubaguzi wa rangi wakapigwa kwa maji ya mabomba na kutishwa kwa mbwa. Ubaguzi ulitikisika, na bado Malcolm X, mtetezi wa Wamarekani weusi ambaye hakuna wa kumwita mwoga, alilaumu kuwaweka watoto mbele. Mwambie mumeo asome mifano yake mpaka mwisho. Uwanja ni wa mtoto, lugha ya darasani ni ya mtoto. Muhula wa Rais ni hesabu ya wapiga kura, na binti yako hatakuwa mpiga kura kwa miaka kumi na moja ijayo.

Kuhusu kumbeba mabegani kwenye maandamano, nakuomba msirudie. Juni 2024 mvulana wa miaka 12 aliuawa kwa risasi Rongai. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya Saba Saba, risasi ilimkuta msichana wa miaka 12 akiwa kwao nyumbani Kiambu. Agosti 2017 mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa ndani ya nyumba yao Kisumu, akafa. Kama kuta hazikuwakinga hawa wawili wa mwisho, mabega ya baba yatakinga nini? Lawama ya vifo hivyo haiwaendei wazazi, na haki zao za kuandamana ziko kifungu cha 37. Lakini mzazi ana la kuchagua asubuhi kabla hajatoka.

Kilichonitisha zaidi katika barua yako ni yule mnunuzi wa mahamri. Huenda ni mtu mwema aliyemfurahikia mtoto. Huenda siye. Leo hii, kabla ya kulala, ile video ya sweta lenye beji iondoeni, kisha zifuateni nyingine. Walio kwenye makundi yenu waombeni wazifute. TikTok yenyewe hairuhusu mwenye chini ya miaka 13 kuwa na akaunti, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka taarifa za mtoto zitumike kwa idhini ya mzazi na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Idhini ya babake peke yake haitoshi. Nenda kwa mwalimu mkuu na kwa ustadhi wa madrasa, wape majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto. Mtu akimfuatafuata au akimtisha, pigeni 116, ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Na mumeo utamwingia vipi? Usimwingie usiku mtoto akisikia, wala mbele ya mamake. Mngoje Ijumaa, ameswali, amekula. Usianze na siasa zake, maana hapo atajitetea na mtakesha. Anza na maneno ya mtoto, yaleyale, "Mama, Baba watakuja kumchukua?" kisha unyamaze. Umesema anawapenda watoto wake, nami nimekuamini. Mengine yaje baadaye: kwamba hukumwambia aache kusema, na kwamba ukimwona anasimama yeye mbele ya pazia lile, utamshikia simu. Kama yuko tayari kwa hilo, basi mshikie kweli. Bahasha isikusumbue kichwa. Najua karo ya muhula si kitu kidogo kwa muuza mahamri, ila fedha ile ikishaingia nyumbani mheshimiwa atarudi, na safari hiyo hataomba.

Mtoto asiambiwe kwamba alifanya vibaya. Alifanya alichoambiwa na akakifanya vizuri, na amezoea kusifiwa. Mkikata ghafla atadhani amepoteza mapenzi ya babake. Babake ndiye amwambie, kwa maneno mepesi, kwamba video zimekwisha na kwamba yeye ni hodari kama alivyokuwa. Lile swali la usiku pia mlijibu. Mwambieni, "Baba anasema mambo ya nchi, kuna watu wazima hawapendi. Kumlinda Baba ni kazi ya watu wazima, siyo kazi yako." Msimwahidi kwamba hakuna baya litakalotokea. Mtoto akigundua uongo mmoja wa kumtuliza, wa pili hauamini.

Ulimi wake mtafutieni pa kuusemea. Shule zina tamasha za muziki na drama, madrasa ina kaswida na Maulidi, na Pwani hii mtoto mwenye sauti hakosi shairi la kughani. Na akiwa na neno lake kweli, choo cha shule au pikipiki zinazopita kasi langoni, mwacheni alisema yeye kwa maneno yake, mzazi aandike barua kwa diwani, mtoto aweke jina lake chini kwa mwandiko wake mbovu, na mwende naye kuipeleka. Hilo ni jambo analoweza kulifuata mpaka mwisho, akaona kama mlango wa choo umetengenezwa au la. Siku ya kura, Agosti 2027, kukiwa shwari, mpeleke kituoni aone foleni na wino kidoleni mwako.

Kuhusu mama mkwe, usibishane naye habari ya woga. Mwombe kazi. Yeye ndiye awe anakwenda kumchukua mjukuu wake shule majuma haya, na jioni amfundishe mashairi aliyoyajua akiwa msichana. Kipaji alichokiona si amekiona kweli? Na watu wa mheshimiwa wakirudi kuulizia Jumamosi, muombe awapokee yeye mlangoni. Bibi mwenye umri wake anajua kumkatalia mgeni bila kumvunjia heshima, na wao hawatathubutu kumtolea bahasha.